Siku Ishirini na Tatu za Homa ya Matumbo

Kama leo umetoka hospitali na karatasi mkononi, karatasi inasema mwanao ana kifua kikuu, na una mtoto mwingine ambaye kesho asubuhi anatakiwa shule, basi nakuandikia wewe. Wengine wasome wakipenda. Mie si daktari, ni fundi cherehani wa Kilwa Kivinje, nashona sare za shule. Mambo ya wadudu na mapafu sitayagusa, kwa sababu nesi ameshanieleza mara tatu na mara zote tatu nimesahau. Nitasema niliyoyafanya tu. Mengine niliyafanya vizuri. Moja nililifanya vibaya sana, na hilo ndilo linalonikalisha hapa kuandika.

Jina langu Somoe. Nina watoto wawili, Salumu na Rukia. Mwaka ule Salumu alikuwa darasa la sita, miaka kumi na miwili, na Rukia ndiyo kwanza ameanza la kwanza. Baba yao, Athumani, analima ufuta huko bara. Anakuja Ijumaa, Jumapili anaondoka. Kwa hiyo habari zote za shule ni zangu.

Nyumba zetu ziko upande wa mikoko. Kati yetu na shule kuna kijito, na bahari ikijaa maji yanapanda mpaka mapajani mwa mtu mzima. Ukishavuka kijito unakutana na barabara yenye pikipiki zinazokimbia kama zimeibiwa. Mtoto mdogo humwachii njia hiyo peke yake. Tulikuwa kina mama watatu tukapanga zamu: mie, Mama Swaumu mwenye mapacha wa darasa la pili, na Fatu mwenye Nasma, mtoto wa awali, miaka mitano. Mwenye zamu anawakusanya watoto wote watano saa kumi na mbili na nusu, anawavusha, anawafikisha getini, na wenzake wanaendelea na kazi zao. Ukikosa zamu yako bila sababu unasemwa mpaka masikio yanawaka.

Salumu, kwa kuwa mkubwa, ndiye aliyekuwa anambeba Nasma kuvuka kijito. Nasma alikuwa na umbo dogo, mwoga wa maji, na hakukubali mgongo mwingine wowote. Anamkaba Salumu shingo, anabandika shavu kwenye shavu lake, wanavuka wakiimba mbili mara moja mbili, mbili mara mbili nne. Karibu kila siku ya shule.

Fatu ni mtani wangu. Sisemi utani wa kuzoeana tu. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu kwa mababu. Alipofiwa na baba yake nilikwenda nikajigaragaza uani, nikalia kwa sauti ya mbuzi, nikadai marehemu kaondoka na kanga yangu, mpaka wafiwa wakacheka. Ndiyo kazi ya mtani. Tukionana asubuhi hatuulizani hali, tunatukanana. Yeye ananiita mla panya, mie namwita mchawi mvivu. Watoto wetu wamekua wakidhani hiyo ndiyo salamu.

Sasa sikiliza kosa la kwanza.

Salumu alianza kukohoa mwezi wa kwanza, shule zimefunguliwa tu. Nikampa asali na limau, nikampa tangawizi, nikanunua dawa ya maji duka la dawa, chupa mbili. Kikohozi kinapoa siku mbili, kinarudi. Mwezi wa pili, asubuhi moja ya zamu ya Fatu, amesimama mlangoni kwangu anakusanya watoto, Salumu akakohoa huku anafunga viatu. Akakohoa mpaka akashika ukuta. Fatu akaweka mikono kiunoni.

"We mla panya, huyu mwanao ana kifua kikuu! Mpeleke hospitali kabla hujatulisha ubwabwa wa msiba."

Nikacheka. Wallahi nilicheka. Nikamwambia, "Sema njaa inakuuma, unautamani huo ubwabwa." Naye akacheka, akawachukua watoto wakaenda zao.

Siku hizi najua kwamba alikuwa anatania na alikuwa anasema kweli, vyote kwa pamoja. Alikuwa na wasiwasi, na kwa mdomo wa mtani hakuwa na namna nyingine ya kuusema. Mie nami neno la mtani nimelelewa nilipokee kwa kicheko. Angesema jirani mwingine yeyote ningeshtuka. Alisema Fatu, nikacheka, tukapoteza mwezi na zaidi.

Na mwili wa mtoto ulikuwa unaniambia. Kiuno cha kaptura yake nilikipunguza mwezi wa pili, nikasema anarefuka. Nikakipunguza tena mwezi wa tatu. Mtu mzima mwenye tepu ya kupimia shingoni kutwa nzima! Anaamka shuka limelowa jasho. Anarudi shule analala na sare yake. Mpira aliuacha mwenyewe, hakuna aliyemkataza. Siku moja alikohoa kwenye leso akaificha haraka, nikamnyang'anya, nikaona doa jekundu. Hapo ndipo nilipofunga cherehani.

Masika yalikuwa yameanza. Hospitali ina benchi la wenye kifua, liko nje, pembeni, kwenye upepo, na kina mama wote wanaokwenda kliniki ya wajawazito lazima wapite mbele yake. Nilijitanda kanga mpaka puani, nikainama kama natafuta sindano. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, majina hayasikiki, ikabidi nesi atoke amguse kila mtu bega. Nakumbuka nilivyomchukia kwa kunigusa bega mbele za watu, na masikini alikuwa anafanya kazi yake tu.

Alitaka makohozi. Salumu aliona haya kukohoa mbele yangu, akashika kikopo anakiangalia. Nesi akamwambia, "Wee, hujawahi kumzomea refa? Mzomee." Mtoto akacheka, kicheko kikaleta kikohozi, na kikopo kikapata kitu. Nilimpenda yule nesi tangu saa ile, na ndiyo maana nililomfanyia linaniuma zaidi.

Majibu yalipotoka alituketisha chini akafungua fomu. Akauliza nyumbani tunaishi na nani. Nikamtajia: mie, Rukia, na baba yao siku za Ijumaa.

"Na nani mwingine yuko naye karibu kila siku?" akauliza. "Marafiki? Watoto wa jirani anaokwenda nao shule?"

Aliuliza hivyo hivyo, jamani, waziwazi, kama mtu anayepajua kwangu. Nikaangalia kalamu yake. Nikasema, "Hakuna. Anakwenda peke yake."

Salumu aligeuka akanitazama. Alikuwa amevaa barakoa, naona macho tu. Ni mtoto mwenye adabu, hamuumbui mama yake mbele ya watu.

Utauliza kwa nini, na nitakwambia, si kwa kujitetea. Wiki mbili za mwanzo dawa alitakiwa anywe palepale hospitali, mbele ya nesi, kila siku saa moja na nusu asubuhi. Rukia naye anatakiwa getini saa moja na nusu hiyo hiyo. Hospitali huku, shule kule, kijito katikati, mvua juu, na mie ni mmoja. Nikiutaja ugonjwa, hakuna atakayemshika Rukia mkono. Nisipoutaja, Rukia anakwenda na zamu kama kawaida. Halafu kuna lile jingine: kwetu ukisema kifua kikuu, watu wanasikia ukimwi. Akilini nikawaona wateja wangu wakichukua vitambaa vyao kimoja kimoja. Njiani kurudi nikamwambia Salumu, "Tutasema homa ya matumbo."

Rukia, mtoto wa miaka saba, nikamkalisha mkekani nikamfundisha uwongo kama ninavyomfundisha Alhamdu. "Kaka ana nini?" "Homa ya matumbo." "Sema tena." "Homa ya matumbo." Alisema vizuri kuliko mie.

Basi asubuhi zetu zikawa hivi. Saa kumi na mbili na nusu namsimamisha Rukia mlangoni, namkabidhi kwa mwenye zamu. Mie na Salumu tunabaki ndani kimya tukisubiri sauti za watoto zipotee, halafu tunatoka kwa mlango wa nyuma, tunapita migombani kama wezi wa ndizi. Zamu yangu ilipofika nilimwomba Mama Swaumu anishikie, nitamlipa baadaye. "Wewe uguza mwanao," akasema, na jioni akaleta uji wa mtama kwa ajili ya tumbo la mgonjwa. Nilipokea bakuli kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikaingia ndani nikakaa nalo. Salumu aliunywa wote. Mie hata kuulamba nilishindwa.

Kuna mengine madogo nataka uyajue, yasikutishe. Siku ya pili ya dawa Salumu alipiga ukelele chooni. "Mama, nakojoa damu!" Nikakimbia, nikakuta kweli mkojo mwekundu, tukashikana wote wawili. Ni dawa tu. Nesi alikuwa ameniambia na mie, akili iko kwenye uwongo wangu, sikusikia. Wiki ya kwanza anatapika, viungo vinamuuma, amekuwa mkali, anamfokea Rukia kwa sababu ya kijiko tu. Wiki ya pili kikohozi kikaanza kulegea. Ya tatu, akala ugali, akamaliza, akaniangalia: "Upo mwingine?" Nililia jikoni kwa hilo swali.

Athumani nilimwambia Ijumaa ya kwanza, amekaa kizingitini anavua viatu. Alibaki na kiatu kimoja mkononi.

"Nani anajua?"

"Hakuna."

"Basi asijue mtu."

Alisimama mlangoni mwa chumba cha mtoto, akamuuliza anaendeleaje, hakuingia. Jumamosi alfajiri akaondoka, siku moja kabla ya kawaida yake. Ijumaa iliyofuata akaleta unga kwa pikipiki, yeye hakuja. Iliyofuata, vilevile. Nilimkasirikia mpaka nikawa sipokei simu yake. Nilimwita mwoga, mume jina tu. Kumbe naye alikuwa anakohoa huko shamba, anajua, na anaogopa kuja kuambiwa kwamba ni yeye aliyekileta nyumbani. Alipopimwa mwezi wa tano akakutwa nacho. Hatukuulizana nani alianza. Tulikuwa tumeshachoka.

Sasa nafika penyewe.

Siku ya ishirini na tatu tangu majibu ya Salumu, Fatu alikuja barazani kwangu jioni na gauni la shule la Nasma begani, Nasma mwenyewe amembeba kiunoni.

"Mla panya, ulimshonea mwanangu gauni la tembo," akasema. "Linampwaya. Punguza, na usinidai, kosa lako."

Nikatoa tepu, nikamvuta Nasma kwangu. Alikuwa wa moto. Nikampima kifua, nikampima kiuno, nikafungua daftari langu la vipimo nikatafuta jina lake la mwezi wa kwanza. Nikapima tena, nikidhani nimekosea. Mtoto wa miaka mitano hapungui kwa miezi mitatu. Aliegemea goti langu kimya, hakudai kuchezea vifungo kama kawaida yake, na akakohoa kikohozi kidogo kikavu nilichokijua.

"Anakohoa tangu lini?" nikauliza.

"Vikohozi vya masika hivyo. Nimempa dawa ya maji. Umekuwa mkunga sasa?"

Nikajiambia, Somoe, ukinyamaza leo, umemuua mtoto wa watu. Nikasema, "Fatu, mpeleke Nasma hospitali kesho. Akapimwe kifua kikuu."

Akapasuka kicheko. "Ehee! Umesubiri tangu mwezi wa pili unirudishie! Lako limekaa tumboni muda mrefu, limeoza."

"Sitanii."

"Na mie sitanii, wewe una ukoma."

"Fatu, Salumu hana homa ya matumbo. Nilikudanganya. Ana kifua kikuu, anakunywa dawa, na Nasma alikuwa mgongoni kwake kila siku."

"Apa kwa panya wako wote."

Hakuna lililoingia. Nikaapa kwa Mungu, akasema mla panya haapi, anaguguna. Machozi yakanitoka, yakanitoka kweli, nikawa nalia kwa kwikwi, na Fatu akapiga makofi. "Haya, lia! Lia vizuri kama ulivyomlilia baba yangu! Mbona leo mbuzi hayumo?" Majirani wawili walikuwa wanapita wakasimama kucheka nasi. Nililia mbele ya watu, nikaungama mbele ya watu, na watu wakafurahi.

Nikaingia ndani. Nikatoa kadi ya dawa ya Salumu chini ya mto, ile ambayo sikuwahi kumwonyesha kiumbe, nikarudi nikaiweka mapajani kwake.

Fatu anajua kusoma vizuri tu. Alisoma jina juu. Kicheko bado kilikuwa usoni, hakijapata habari. Kisha akasoma ugonjwa, akaanza kuhesabu kwa kidole vile visanduku vyenye alama ya vema, kimoja kwa siku, taratibu, midomo ikicheza. Alipofika cha mwisho akarudia kuhesabu.

"Ishirini na tatu," akasema.

"Ndiyo."

Alimnyanyua Nasma, akachukua gauni. Akasema, "Asante, dada Somoe."

Dada! Tangu tujuane hajawahi kuniita dada. Alinipa mgongo akaenda kwa mwendo wa adabu, kama mtu anayetoka kwa mkwe. Angenitukana ningeshukuru.

Kesho yake nilifika kwa nesi kabla hajafungua dirisha, nikamtajia majina yote: Nasma, mapacha wawili, na mama zao. Aliandika bila kuniangalia. Alipomaliza akasema, "Mama Salumu, mimi nilikuuliza." Hilo tu.

Nasma alipimwa, akaanzishiwa dawa, lakini siku mbili baadaye alipata degedege. Gari la hospitali likampeleka Lindi. Kifua kikuu kilikuwa kimeshapanda kichwani. Alikaa kule karibu miezi miwili, Fatu amelala chini ya kitanda cha mtoto, na mie huku napata habari kwa kuomba, leo kafumbua macho, leo kakataa uji, leo hamtambui mama yake. Kuna mtu wa kule alimwambia Fatu kwamba angeletwa wiki tatu kabla, pengine yasingefika huko. Maneno hayo Fatu hakuniletea yeye. Yaliletwa na Mama Swaumu, kwa makusudi, na alikuwa na haki.

Mama Swaumu alikuja akasimama mbali, kwenye mnazi, hakusogea barazani. "Hata uji wangu uliupokea," akasema. Mapacha wake walipimwa, hawakuwa nacho, wakapewa vidonge vya kinga kama Rukia. Tangu siku hiyo aliwapitisha watoto wake njia ndefu ya juu. Zamu ikafa. Kile nilichodanganya ili nisikipoteze nilikipoteza chote, na juu yake nikaongeza ugonjwa wa mtoto wa watu.

Na unajua nini? Njia ilikuwepo. Nilipomweleza nesi ukweli wa asubuhi zangu, alisema, "Ungeniambia tu, angekunywa saa tatu." Saa tatu! Sentensi moja. Nilikuwa sijauliza.

Ikawa namvusha Rukia mwenyewe, halafu namrudia Salumu kumpa dawa yake. Shuleni walimwita Rukia "Kifua". Alirudi siku moja hana mkoba, kautupa kijitoni, akasema hasomi tena. Nilimrudisha kesho yake kwa kumburuta, nalia, naye analia. Mwalimu wake wa darasa alituona getini. Hakuhubiri. Alimkalisha dawati la mbele, akaomba kikombe cha Rukia, akanywa maji yaliyobaki humo mbele ya darasa zima, akaendelea na herufi zake. Rukia alinisimulia jambo hilo kila siku kwa wiki nzima. Salumu aliporudi shule, yeye hakunisimulia kitu. Akawa anatembea nyuma yetu mbali, na nikimwita asogee anasema viatu vinambana.

Ukaingia upepo wa kusi, ufuta ukavunwa. Fatu alirudi na Nasma. Mtoto alikuwa hai, anaongea, anacheka kidogo, ila mguu wa kushoto anauburuta. Dawa yake ni ya mwaka mzima. Basi tukawa tunakutana kwenye lile benchi la nje siku za kuchukua dawa, mie huku na Salumu, baadaye mie na Athumani, yeye kule na Nasma, katikati nafasi ya watu wanne hakuna anayeikaa. "Habari za asubuhi, dada." "Nzuri, dada." Hayo tu, mpaka nesi atoke. Nilikwenda kwake mara mbili kuomba radhi. Ya kwanza niliambiwa amelala. Ya pili, kabla ya Ramadhani, alinisikiliza mpaka mwisho, anachambua mchele, akasema, "Nimesikia."

Salumu alimaliza dawa mwezi wa tisa. Alikuwa amenenepa, kaptura nimeifumua mara mbili. Nesi alimpa mkono kama mtu mzima, akamwambia amepona, yuko huru. Tulipotoka nikataka kumnunulia soda. Akauliza, "Nasma bado?" Nikamwambia bado. Akasema hana kiu.

Hilo nalo likujie akilini. Mtoto wangu amepona kifua, lakini kuna kitu nilimwekea pale nilipomwambia "tutasema", na sijui dawa yake inatolewa dirisha gani. Wewe uliye na karatasi mkononi, nenda leo. Kawaambie kina mama wenzako kabla jua halijazama, utaje ugonjwa kwa jina lake. Watakukimbia, sikudanganyi. Lakini watoto wao watakuwa wamekimbilia hospitali. Na kama una mtani, usitegemee mdomo. Peleka kadi.

Nasma alimaliza dawa mwaka uliofuata, masika yamerudi. Wiki hiyo hiyo, alasiri, nakanyaga cherehani, nikaona kivuli barazani. Fatu. Hakuwa amekanyaga kwangu tangu siku ya tepu. Nikaondoa vitambaa kwenye kiti, hakukaa.

"Nimepata kibarua kwenye chumvi," akasema. "Naingia alfajiri."

"Hongera."

"Sijakusamehe, Somoe."

"Najua."

"Kila nikimwona anavyotembea, nakuchukia. Sitaki nikufiche."

Alikuwa anaangalia ukutani, kwenye sare zilizoninginia.

"Nimewapitia wote moyoni hapa mtaani," akasema. "Wazuri, wana heshima zao. Lakini akikohoa njiani nani atasikia? Watasema vikohozi vya masika. Wewe utasikia." Akapangusa uso kwa upindo wa kanga, kwa hasira. "Kesho zamu yako. Mpitie saa kumi na mbili na nusu, na usichelewe."

Akaondoka. Kesho yake nilifika saa kumi na mbili kamili, nikakaa kizingitini kwake, nikamsubiri mtoto avae viatu.